Jekibeiti za muski: kuchagua, na kuiweka sawa kabla hujaitupa majini

Jekibeiti ni chambo cha bandia cha kumvulia muski, ila nianze na samaki mwenyewe, maana ukimtaja kwa watu wa nyumbani wanakuangalia tu. Muski, jina lake refu ni muskellunge, ni samaki wa maziwa na mito ya Marekani upande wa kaskazini na Kanada, mrefu, mwembamba, mdomo bapa kama wa bata ila ndani meno matupu, ukimwona chapuchapu unaweza kuapa ni mzia kahamia maji baridi. Wisconsin wamemfanya samaki rasmi wa jimbo lao tangu 1955. Hapa Minnesota ninapoishi sheria ya jimbo ni kwamba huondoki naye kama hajafika inchi 54, hiyo ni sentimita 137, kwa hiyo kiukweli karibu wote tunawashika, picha moja, tunawarudisha, ukitaka kitoweo kavue samaki wengine. Wenyeji wanasema ni samaki wa kutupa mara elfu kumi ndo umpate mmoja. Mi nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye mashua ya babu, nikasema moyoni hawa Wazungu hawajui kuvua tu. Msimu wangu wa kwanza ulianza Juni ukaisha maziwa yanaanza kuganda, sikupata hata mmoja.

Sa nikawa nanunua vyambo. Kila nikirudi mikono mitupu napitia dukani nachukua kingine, mara chekundu mara cheusi mara chenye macho makubwa, mpaka mke wangu akauliza hivi tunavua au tunafungua duka. Kumbe shida haikuwa idadi wala rangi, shida ni kwamba vyote hivyo nilikuwa nikivitoa kwenye boksi, nafunga, natupa, hamna hata kimoja nilichokiangalia kinakaaje majini. Babu angeniona angenichapa, maana chombo hakitweki tanga kabla nahodha hajaangalia farumi, ule uzito wa chini unaosawazisha chombo, imekaaje na usukani umenyooka, na jekibeiti ni chombo kama chombo kingine, kina omo na tezi, kina usukani, kina farumi, kikielemea upande kinakwenda mrama tu na samaki anakuangalia anacheka.

Jekibeiti yenyewe ni kipande cha mbao au plastiki ngumu chenye umbo la samaki, kwa muski tunatumia za inchi 6 mpaka 10, inaning'inia ndoana mbili au tatu zile za meno matatu. Tofauti yake na vyambo vingine vya plastiki ni kwamba haina ule ulimi mbele unaokifanya chambo kitikisike chenyewe ukizungusha rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi. Hii ukiivuta mfululizo inakuja kama kuni. Uhai wote unatoka mkononi kwako: unashtua, unaachia, unashtua. Na zipo za aina mbili, hapo ndo watu wengi wanachanganya.

Kuna ninazoziita wazamiaji. Zinaelea, ukishtua zinapiga kichwa chini, ukiachia zinapanda zenyewe. Ya zamani na maarufu sana ni Suick, inatoka mji mdogo wa Antigo huko Wisconsin, na habari inayosimuliwa ni kwamba Frank Suick aliyeitengeneza alikamata muski 30 ndani ya siku 30 kwenye ziwa Pelican, kila siku mmoja. Mimi kwa siku 30 nimepata mafua tu, ila chambo chenyewe ni cha kweli. Ni ubao bapa wenye kibati mkiani, na hicho kibati ndo usukani. Bobbie Bait nayo iko familia hiyo hiyo.

Halafu kuna glaida. Phantom, Hellhound, Reef Hawg na ndugu zao. Hizi hazipigi mbizi, zinateleza pembeni, ukigusa inakata kushoto, ukigusa tena inakata kulia, kama jahazi linapiga bisha kwenda dhidi ya upepo. Nyingi zinazama taratibu ukiziacha. Uzuri wake ni kwamba inakaa pale pale mbele ya samaki muda mrefu inajionyesha ubavu, na muski anapenda sana kupiga ubavuni.

Ununue ipi? Nunua moja moja ya kila aina, basi, usifanye kama mimi. Mzamiaji ni wa kwenye majani: maziwa ya huku majani ya majini yanaota mpaka karibu na juu, muski anakaa humo amejificha, sasa mzamiaji akigusa jani unaacha kuvuta tu anapanda mwenyewe anaachana nalo, glaida ingekuwa imeshazama imejivika saladi. Glaida ni ya pembeni ya majani pale yanapoishia, juu ya miamba, na maji maangavu. Mille Lacs kwa mfano ni ziwa pana sana ila kina chake hakizidi mita 13 hivi, lina vichuguu vya mawe huko katikati, pale glaida inatembea raha mustarehe. Baridi ikianza, Oktoba kuendelea, mzamiaji aliyeongezewa uzito anakuwa mfalme, nitaeleza.

Dukani kabla hujalipa, ishike chambo uso kwa uso, pua yake ikuangalie, funga jicho moja kama fundi anaangalia ubao umenyooka. Kijicho cha kufungia mshipi kiwe katikati kabisa. Vishikio vya ndoana vilivyo tumboni viwe kwenye mstari mmoja na hicho kijicho, kimoja kikiwa kimeelekea pembeni rudisha, chukua nyingine. Kibati cha mkia kisiwe kimepinda kona. Kama ni za mbao chukua mbili za namna moja shika kila mkono moja, utashangaa, moja nzito moja nyepesi na bei ile ile, mti ni mti. Kwa mzamiaji napenda ile nzito kidogo, inanipunguzia kazi nyumbani.

Sasa kazi yenyewe. Mzamiaji kwanza.

Kibati ukikikunja kuelekea chini, kichwa kinazamishwa zaidi, chambo kinaenda chini kwa pembe kali. Ukikinyoosha kikawa sawa na mgongo kinatembea juu juu. Basi, hayo ndo yote, lakini jinsi ya kukunja ndo inaua watu. Usikamate na plaizi kona moja ukapinda, utapata usukani uliopinda upande na chambo kitazunguka kama feni. Weka vidole gumba viwili juu ya bati, moja kulia moja kushoto, vidole vingine chini, sukuma kidogo sana pande zote kwa pamoja, kisha geuza uangalie kwa nyuma kama bati lote liko sambamba na mgongo. Anza na mkunjo mdogo, upana wa nukta tu. Nenda nayo majini ivute mara tatu nne karibu na boti uione kwa macho. Ikitoka upande mmoja kila ukivuta, ujue nusu moja ya bati imeshuka kuliko nyingine, isawazishe. Ikigoma kabisa kuzama inarukaruka juu, ongeza mkunjo. Ikizama halafu inabiringika, umezidisha, punguza. Na usikunje kunjua mara mia, bati linachoka linakatika, mi nimekata moja nikiwa katikati ya ziwa natukana kwa Kidigo peke yangu.

Baada ya usukani ni farumi, na hapa ndo mahali watu wanapofanya uvivu na ndo mahali penye samaki. Suick mpya ikitoka kwenye boksi inaelea sana, ukiacha kuvuta inachupa juu kama kizibo. Kiangazi sawa, muski ana moto, anaikimbiza. Ila maji yakishuka kwenye nyuzi 10 mpaka 15 za sentigredi (hapa wanasema 50 mpaka 60 kwa vipimo vyao) samaki hana haraka tena, unataka chambo kikizama kibaki kule chini kinapanda polepole kama mgonjwa anayeinuka kitandani. Muski mara nyingi anapiga pale pale kwenye kupanda, hujavuta hata, mshipi unasimama tu.

Mimi nafanyia bafuni. Najaza lile beseni refu la kuogea maji ya bomba ya baridi, namwaga ndani mfuko wa barafu, nasubiri. Msinicheke, kuna sababu: maji yanakuwa mazito zaidi kadiri yanavyopoa mpaka yafike nyuzi 4, kwa hiyo chambo ulichokisawazisha kwenye maji ya vuguvugu kitaelea zaidi kwenye ziwa la Oktoba. Tofauti ni ndogo, kwa chambo chenye ujazo kama wa kikombe kidogo cha kahawa, yani mililita 100, kutoka nyuzi 25 mpaka 10 ni robo gramu hivi, lakini chambo kinachokaribia kusimama majini robo gramu ndo inaamua kama kinapanda au kinazama. Kwa wale mnaotoka pwani kama mimi, kumbuka pia maji ya chumvi yanabeba zaidi, chambo hicho hicho kilichosimama vizuri bahari ya Tanga huku ziwani kitahitaji kupunguzwa gramu mbili na nusu hivi, la sivyo kinakwenda chini kama nanga. Nililetewa kimoja na mdogo wangu, nikakitupa kwa furaha zote, ndo nikakumbuka.

Basi nachukua waya laini wa kulehemu, ule wa mafundi bomba usio na risasi, nazungushia kwenye shina la ndoana ya mbele mizunguko mitatu, narudisha chambo majini nakisukuma mpaka chini nakiachia nahesabu moja, mbili, tatu kwa mwendo wa kawaida mpaka mgongo uguse juu. Beseni letu maji yanafika kama futi moja. Mpya kabisa haikupi hata moja, inaruka. Nikiongeza mzunguko inafika moja, naongeza, inafika mbili, halafu naona mkia unatangulia kupanda na pua inabaki chini, maana uzito wote nimeuweka mbele, nahamisha mizunguko miwili kwenda ndoana ya nyuma, sasa inapanda imelala sawa kama meza. Pua ikitangulia chini kidogo si mbaya, mzamiaji anaingia vizuri zaidi ukishtua. Ubaya ni mkia kuning'inia, hapo ukivuta inagoma kuzama inakuja imeinua kichwa kama mtu anayeogopa kulowa. Nikifikisha nne au tano kwa futi moja nasimama, hiyo ndo ya baridi. Ya kiangazi naiacha kwenye moja na nusu.

Kwa nini isiyo na risasi? Kwa sababu huku kuna ndege anaitwa loon, ndo ndege rasmi wa Minnesota, analia usiku mpaka nywele zinasisimka, na akimeza chubwi ya risasi anakufa kwa sumu. Waya wa bati ni mwepesi kuliko risasi, unazungusha zaidi tu, hamna hasara.

Ukiridhika na waya unaweza kuiacha hivyo hivyo au uifanye ya kudumu. Ya kudumu unapima ule waya wote kwenye mizani ndogo ya jikoni, unatoboa shimo la milimita 6 tumboni nyuma kidogo ya kishikio cha ndoana ya mbele, na lingine mbele ya kishikio cha nyuma, unagawa uzito kama ulivyogawanyika kwenye ndoana, unaziba na epoksi, unapiga rangi. Usitoboe karibu sana na skrubu ya kishikio, mbao itapasuka na siku ya samaki mkubwa ndoana itabaki mdomoni kwake chambo mkononi kwako. Na shimo la mbao lisipozibwa vizuri linakunywa maji, ukianza asubuhi inapanda kwa nne, saa sita mchana haipandi kabisa. Hiyo imenitokea mara mbili na mara zote mbili nilidhani nimekuwa fundi.

Glaida ni jambo lingine kidogo. Hapa hutaki kupanda, unataka ilale sawa inapozama. Iachie kwenye beseni bila kuisukuma. Ikishuka imelala kama samaki aliyesinzia, pua chini kidogo tu, iache hivyo hivyo, usiiguse, umebahatika. Pua ikiwa chini sana itakuwa ukiigusa inachimba badala ya kuteleza. Mkia chini sana, inateleza kwa kusitasita inapandisha kichwa. Dawa rahisi ni ndoana: weka ndoana nene upande unaotaka ushuke, au ongeza ringi moja, au mizunguko ya ule waya. Ikilala ubavu kabla hujaivuta kuna mawili, kishikio cha ndoana kimepinda au ina maji tumboni. Itikise sikioni, kama za plastiki zina ufa utasikia maji yanacheza. Kausha siku mbili tatu, ziba ufa na gundi kali, ijaribu tena.

Na ikitoka vizuri upande mmoja lakini upande wa pili inakata kidogo tu, angalia kijicho cha pua. Kikunje na plaizi kuelekea upande ule usiofika, kidogo kuliko unavyofikiria, upana wa unywele, halafu jaribu. Kukunja mara moja kwa nguvu ndo kunakofungua skrubu.

Hili la ndoana nisisitize kwa sababu hamna anayelisema: ukikata ndoana ya glaida ukaweka nyingine iliyokuwepo kwenye boksi, umeshabadilisha farumi. Mi nabeba za akiba za namna ile ile, saizi ile ile, zimefungwa kwenye mfuko wenye jina la chambo. Na ziwe kali. Pitisha ncha juu ya ukucha wa gumba bila kukandamiza, ikikwama ni kali, ikiteleza chukua tupa ya kunolea upige mara mbili tatu kuelekea kwenye ncha. Kwenye chambo cha mbao hii ni lazima, muski akibana yale meno yanazama kwenye mbao na chambo hakisogei mdomoni, unavuta wee unadhani umemchoma kumbe kashika ubao tu, akichoka anaachia anaenda zake. Kwa hiyo ndoana kali, na ukimsikia vuta kwa nguvu mara mbili, usione aibu.

Lida, kile kipande kinachounga mshipi na chambo, iwe waya mmoja mnene ulionyooka, usiosokotwa, urefu wa inchi 12 au zaidi kidogo, na klipu imara. Sababu ni kwamba jekibeiti inaishi kwa kulegeza, kila ukishtua unairudishia mshipi uliolegea, sasa lida laini ikilegea inajikunja nyuma inanasa kwenye ndoana ya mbele na umeharibu kutupa kote. Waya mgumu unabaki mbele. Kwa mzamiaji unasaidia hata kushusha pua. Mshipi wa kusokota wa paundi 80 au 100, mnaona kama kamba ya kufungia mbuzi lakini si kwa ajili ya uzito wa samaki, ni kwa ajili ya kutupa chambo cha gramu mia siku nzima bila kukatika chenyewe hewani. Rodi fupi kidogo na ngumu, futi 7 na nusu kwa mtu wa kimo changu, kwa sababu unashtua kuelekea chini na rodi ndefu itapiga maji kila mara.

Mkono sasa. Mzamiaji: rodi inaelekea chini, vuta kama nusu mita, rudisha ncha ya rodi kuelekea kwenye chambo huku unazungusha rili kuokota mshipi uliolegea, subiri, vuta tena. Rili haivuti chambo, rili inaokota tu. Kiangazi kusubiri ni pumzi moja, baridi ni ile hesabu yako ya bafuni, kama ulihesabu nne kwa futi basi usikimbilie. Glaida: gusa, legeza, gusa, legeza, kama unagonga mlango wa mtu unayemwogopa. Ukiivuta bila kulegeza haitageuka, inakuja moja kwa moja, hapo watu wanasema glaida mbovu. Shemeji yangu wa Mwanza, mtu wa sangara, siku ya kwanza alikuwa anaivuta kama anavuta ng'ombe. Nikamwambia shem, legeza, mpe nafasi. Akalegeza, ikakata kushoto mita nzima, akabaki ameduwaa, "Kumbe inajua njia yenyewe!" Tangu siku hiyo haniachii ile Hellhound.

Rangi nitapita haraka. Maji ya rangi ya chai, yapo mengi kaskazini mwa Wisconsin, chukua zenye machungwa au shaba. Maji maangavu, za kufanana na samaki wa pale au nyeupe. Jioni nyeusi. Ukibaki na moja chukua nyeusi.

Chambo kikifika karibu na boti usikitoe. Muski ana tabia ya kufuata tu, anakuja nyuma ya chambo kimya kama mdai, anakiangalia. Chomeka ncha ya rodi majini uchore nane kubwa, kubwa kabisa, kona pana maana mwili wa mita na zaidi haugeuki kona ya bajaji. Mzamiaji kwenye nane anataka kupanda, kwa hiyo unamvuta kwa nguvu kwenye kona na kumlegeza kwenye mstari ulionyooka. Na hapa nina kidonda changu: Septemba moja kwenye ziwa Minnetonka, alifuata samaki ambaye mpaka leo shemeji anaonyesha kwa mikono miwili, nikaingia nane, chambo kikaanza kubiringika, tumbo juu, tumbo chini. Akasimama, akazama taratibu, sikumwona tena. Nikaangalia mkia, kibati kimepinda kona, kilikuwa kimegonga ubavu wa boti kutupa kama tano nyuma na sikuangalia. Tangu hapo kila nikigonga kitu nanyanyua naangalia, sekunde mbili.

Ukimpata uwe na vifaa, usimtese. Neti kubwa yenye nyuzi za mpira, abaki ndani ya neti majini pembeni ya boti, plaizi ndefu, na mkasi wa kukatia chuma, ndoana ikikaa vibaya kata, usivutane nayo, ndoana inanunulika. Mkono hauingii mdomoni, hata kama kaonekana amelala. Mtoe majini kwa muda wa picha tu, mshike chini ya taya na chini ya tumbo akiwa amelala, si kumning'iniza wima. Na maji yakifika nyuzi 27 kiangazi kikali acha kabisa kumvua, atakuogelea vizuri mbele yako halafu akafie mbele.

Kila chambo changu nimekiandika tumboni kwa kalamu ya wino usiofutika: hesabu ya kupanda kwa futi, na joto la maji niliyopimia. Suick yangu ya baridi ina 4 na 8. Rangi zote nimesahau, hizo namba sijasahau. Usifungie vyambo vibichi kwenye boksi, ndoana zinaota kutu na mbao inavimba, viache vining'inie usiku mzima. Majira ya baridi maziwa yakiganda ndo wakati wa ukarabati. Alama za meno naziacha, zinanipa moyo, ila zile zilizochana rangi mpaka mbao ikaonekana ziba, la sivyo maji yanaingia na hesabu yako inaharibika. Rangi ya kucha ile isiyo na rangi inafaa sana, mipako miwili, inakauka haraka. Nunua ya kwako lakini.